Sipiyu kubwa au ndogo? Miezi tisa na kompyuta ndogo kwenye stesheneri yangu Kirumba

Nina stesheneri Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kibanda chenyewe ni hatua nne kwa tano, na humo kuna printa, mashine ya kopi, kabati la karatasi na benchi la wateja. Kwa miaka minne nilitumia sipiyu kubwa ya mtumba, ikikaa chini ya meza. Siisemi vibaya, imenilipia ada za watoto. Siku moja umeme ulikatika, ulivyorudi ikawa kimya. Fundi akafungua, akasema pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme kwenye mashine, imeungua. Shida ni kwamba mashine nyingi za maofisini huwa na plagi za aina yake, kwa hiyo pawasaplai za kawaida zilizojaa madukani hazikuingia kwenye ubao wake. Nilikaa siku sita bila mashine, wateja wanachungulia mlangoni na kwenda zao.

Nilipoenda mjini kutafuta nyingine nilikuta zote mbili mezani: kubwa kama ile yangu, na ndogo yenye pande sentimita 18 kwa 18, unene hata 4 haufiki. Dell wanaiita Micro, HP wanaiita Mini, Lenovo wanaiita Tiny. Bei zilipishana shilingi 40,000 tu.

“Dada, hako kadogo ni laptop isiyo na kioo,” kijana wa dukani akaniambia. “Kama kazi yako ni kuprinti na kujaza watu fomu, beba hako. Kama una mambo ya video, chukua kubwa, usije ukanilaumu kesho.”

Alisema kweli. Zote mbili zilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel i5 kizazi cha 8. Hicho kizazi nilikishikilia kwa makusudi, kwa sababu Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kubwa ilikuwa na i5-8500 ya wati 65, ndogo i5-8500T ya wati 35. Zote zina kori 6, yaani sehemu sita za kufanya kazi kwa pamoja, ila hiyo ya T imepunguzwa mwendo ili isipate joto sana. Kwa barua, CV, kuskani vyeti na maombi ya ajira mtandaoni, mimi sijaona tofauti yoyote.

Tofauti niliiona umeme ulipokatika. UPS yangu, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ni ile ile ya zamani, betri yake imechoka. Na sipiyu kubwa ilinipa dakika 6, nasevu mbiombio huku mteja ananikodolea macho. Na hii ndogo, monita ile ile, nilihesabu dakika 17. Mteja wa fomu ya mkopo tulimaliza tukatuma, ndipo nikaizima kwa utaratibu. Na chaja iko nje kama ya laptop, kwa hiyo umeme ukirudi vibaya, kwa kawaida chaja ndiyo inayotangulia kufa, nayo haihitaji fundi kufungua mashine.

Kuna iliyoniuma. Nilikuwa nimetoa RAM mbili, vile vipande vya kumbukumbu ya muda, kwenye ile iliyokufa, nikijua nitazihamishia. Hazikuingia, maana ndogo inatumia RAM fupi za laptop. Pia haina sehemu ya CD, na hapa bado watu wanakuja na CD ya picha za hospitali au ya harusi ya zamani. Nikanunua kisomeo cha nje cha USB. Mwenye kazi ya mabango makubwa na video asijidanganye na udogo huu: kadi ya picha ya kuchomeka haina pa kukaa humo, achukue kubwa.

Jambo la kuangalia kuliko yote, kwa sisi wa kando ya ziwa, ni feni. Mnajua vile vijidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi, jioni vinafuata taa. Mwezi wa pili mashine ilianza kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Nikalegeza skrubu moja ya nyuma kwa vidole, mfuniko ukateleza. Kwenye mapezi ya kupozea kulikuwa na utando wa kijivu, mabawa makavu yameshikana na vumbi, umekaa kama kitambaa cha pamba. Nilishika feni kwa kidole isizunguke, nikapangusa kwa brashi ya rangi ya inchi moja. Uvumaji ukaisha palepale. Kwenye sipiyu kubwa nafasi ni pana, uchafu wa namna hiyo ulichukua mwaka kuleta shida. Hii ndogo naisafisha kila mwezi, na msimu wa wadudu kila baada ya wiki mbili. Taa ya mlangoni siku hizi nawasha, ya juu ya meza nazima.

Kilichonifanya niipende kabisa ni saa ya kufunga. Ina uzito wa kilo moja na kitu, kwa hiyo nachomoa waya, naitia kwenye mkoba pamoja na chaja, napanda daladala nayo. Mlango wa kibanda ni bati na kufuli mbili, na zamani mvua ikinyesha usiku nilikuwa silali, nawaza sipiyu na kazi za watu zilizomo. Sasa inalala kabatini kwangu, juu ya mashuka.