Steam na bei za kila nchi: maoni yangu baada ya miaka mingi ya kununua gemu

Wadau, hii ni rivyuu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ila sitagusa muonekano wake wala spidi yake, nataka tuongee bei tu, manake bei ndo inayoamua kama mtu atacheza gemu au ataishia kuangalia wenzake wakiicheza YouTube. Na kwenye bei Steam wana kitu kizuri ambacho wengi hawakijui mpaka siku wanapoulizana na rafiki wa nchi nyingine. Gemu ni ile ile, faili ni zile zile, mnaweza hata kucheza pamoja usiku huo huo, lakini yeye kalipa hela tofauti kabisa na wewe.

Mimi hilo naliunga mkono asilimia mia. Mtu anayelipwa kidogo akiambiwa atoe dola 70 sawasawa na mtu wa Marekani, namba ni moja lakini maumivu sio mamoja, kwa mmoja hiyo ni hela ya kazi ya siku moja na kwa mwingine ni jasho la wiki mbili tatu. Alafu gemu ya kupakua haibebwi kwenye meli wala haikai stoo, kopi moja zaidi haimgharimu mtengenezaji karibu kitu chochote, kwa hiyo kwake ni faida kuuza rahisi kwa watu wengi kuliko kuweka bei kubwa kwa watu ambao hawatanunua milele.

Inavyofanya kazi ni hivi. Valve, wenye Steam, wanampa mtengenezaji orodha ya bei wanazopendekeza kwa kila sarafu, lakini mwenye gemu ndo anaamua aifuate au aweke zake. Hapa ndo mambo yanapoharibika. Kuna wanaofuata na kuna wanaochukua bei ya Marekani, wanaigeuza kwa sarafu ya nchi husika, basi wamemaliza. Ndo maana unaweza kukuta gemu mbili ambazo Marekani zina bei moja, kwako moja ni nusu ya nyingine. Hata Wapolandi wamelalamika sana kwamba gemu nyingi kwao zinauzwa ghali kuliko nchi zenye mishahara mikubwa zaidi, manake orodha ya Valve ya mwaka 2022 ilipangwa wakati dola imepanda sana, dola ikashuka ila bei zao zikabaki pale pale juu.

Argentina na Uturuki ndo waliumia zaidi. Kwa miaka mingi hizo zilikuwa kati ya nchi zenye gemu rahisi kuliko zote, na watu wa nchi nyingine wakaanza kuhamishia akaunti zao huko kwa VPN (programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine) na kadi za kuazima ili wapate hiyo bei, mpaka mwaka 2021 Steam wakaweka sheria kwamba ukibadilisha nchi huruhusiwi kubadilisha tena mpaka miezi mitatu ipite. Oktoba 2022 bei zilizopendekezwa kwa nchi hizo mbili zikapandishwa zaidi ya mara nne. Alafu tarehe 20 Novemba 2023 lira na peso zikaondolewa kabisa dukani, kila kitu kikawa dola. Sababu waliyoitoa Valve ni kwamba sarafu hizo zilikuwa zinayumba sana mpaka watengenezaji wanashindwa kupanga bei, na kusema ukweli hilo lipo, huwezi kupanga bei ya mwaka mzima kwa hela inayoshuka kila wiki. Waliweka pia bei za dola za chini kidogo kwa Amerika ya Kusini na kwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Lakini jiweke kwenye nafasi ya kijana wa kule, umelala una gemu 10 kwenye wishilisti (orodha ya gemu unazozitamani) ulizokuwa unazikusanyia hela taratibu, unaamka bei ya gemu moja imekuwa kubwa kuliko zote 10 za jana. Waliohamisha akaunti kwa ujanja walirudi kwao tu maisha yakaendelea, mwenye nchi yake hana pa kuhamia.

Na hapa niseme la kwangu. Kuna kipindi nilitaka gemu moja sana na kwangu ilikuwa imekaza, nikaenda kwenye duka moja la kuuza kii (zile namba unazoingiza Steam ili gemu iwe yako), silitaji jina, bei ilikuwa chini ya nusu. Nikalipa, kii ikaja kwenye imeili ndani ya dakika moja, herufi na namba 15 zenye vistari katikati. Nikaiingiza Steam, nikabonyeza endelea, kikatoka kiboksi kinasema bidhaa hii haiwezi kuamshwa kwenye nchi yangu. Nikairudia mara tatu nikidhani nimekosea herufi. Kurudi kule dukani nikaangalia vizuri, chini kabisa ya picha ya gemu kuna maandishi ya kijivu madogo mno yanataja rijeni (eneo ambalo kii inakubali kuamshwa), na rijeni yenyewe sio ya kwangu. Nikawaandikia, wakajibu kwamba mnunuzi ndo anatakiwa ahakikishe kabla ya kulipa na kii ikishaonyeshwa hela hairudi. Ile hela nilikuwa nimeiweka akiba kidogo kidogo, iliniuma na bado inaniuma. Kwa hiyo ukiona kii ya bei ya kutupwa, tafuta neno rijeni kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, na ukilikosa hilo neno usilipe.

Kwa wanaoishi Umoja wa Ulaya hili lina sheria yake. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliwapiga faini Valve na kampuni tano za gemu, jumla yuro milioni 7.8, kwa sababu kii zilizouzwa nchi fulani za umoja zilikuwa zimefungwa zisiamshwe nchi zingine za humo humo, na mwaka 2023 mahakama ikakubaliana na Tume. Sisi wengine hatuna tume ya kutusemea.

Sasa bei yenyewe kupanda. Tangu zama za Xbox 360, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya mwaka 2005, gemu kubwa ilikuwa dola 60 na ikakaa hapo karibu miaka 15. 2020 konsoli za PS5 na Xbox mpya zilipokuja ikawa 70, na 2025 Nintendo wakaiuza Mario Kart World kwa dola 80. Kuna wanaosema dola 60 za 2005 ni zaidi ya 90 za leo kwa hiyo gemu kwa kweli imeshuka bei, na kwa hesabu hawajakosea. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu ambaye mshahara wake nao umepanda kwa dola. Wewe unayelipwa kwa sarafu iliyoshuka unapigwa mara mbili, bei imepanda kule na hela yako imeshuka huku.

Nilichofurahi ni kuona wachezaji wakigoma inafanya kazi. The Outer Worlds 2 ilitangazwa kwa dola 80, watu wakapiga kelele, Julai 2025 wakairudisha 70 kabla hata haijatoka. Na mwaka huo huo Clair Obscur: Expedition 33 imetoka kwa dola 50 na Hollow Knight: Silksong kwa dola 20, na hiyo Silksong siku inatoka watu walikuwa wengi mpaka Steam yenyewe ikakwama. Kwa hiyo mtu asiniambie gemu nzuri haiwezekani chini ya 70.

Konsoli sitaki hata kuzungumza sana. Zamani ukisubiri miaka miwili mitatu mashine inashuka bei, lakini PS5 ilitoka 2020 na Agosti 2022 ikapandishwa Ulaya, Uingereza, Japani na kwingine huku Marekani ikiachwa, mpaka Agosti 2025 ndo na wao wakaonja. Nintendo ndo wamenishangaza, konsoli yao ya Switch 2 ilipotoka 2025, Japani waliiuza aina mbili, ya Kijapani tupu yen 49,980 na ya lugha zote yen 69,980. Yaani bei nafuu ililindwa kwa lugha. Kwa Mjapani ni safi kabisa, na mimi nasema kama wameweza kumjali mteja wa kwao kiasi hicho basi njia ya kuwajali wengine nayo wanaweza kuitafuta.

Tukirudi Steam, nyota 3 na nusu kati ya 5. Wanapata nyota kwa kuwa na bei za nchi kabisa, kwa ofa za misimu ambazo ni ofa za kweli, na kwa kurudisha hela bila maswali kama hujamaliza siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya masaa mawili. Nimewakata kwa sababu nchi nyingi bado zinaonyeshwa bei ya dola ya Marekani kama ilivyo, na kwa sababu mtengenezaji akiweka bei ya ajabu hakuna anayemuuliza. Wangeweka hata alama tu kwenye ukurasa inayosema bei hii imepita iliyopendekezwa kwa nchi yako, tungejua nani wa kumwandikia.

Ile gemu ya ile kii niliipata mwaka uliofuata hapo hapo Steam kwenye ofa, na bei ilikuwa chini kuliko hela niliyopoteza kule. Nimeshaimaliza mara mbili.