Moyo: upande wa kulia na wa kushoto

Kila upande una chumba cha juu kinachopokea damu na cha chini kinachoisukuma, na vali, yaani kilango cha njia moja, katikati. Ila misuli haifanani hata kidogo. Chumba cha chini cha kulia hupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani, kwa shinikizo la takriban milimita 25 za zebaki. Cha kushoto huilisha mwili mzima kwa takriban 120, ndiyo maana ukuta wake ni mnene karibu mara tatu. Ajabu ni kwamba kila pigo, pande zote mbili hutoa kiasi kilekile, kama mililita 70. Ukuta unaozitenganisha hauna mlango, isipokuwa kwa mtoto aliye tumboni: tundu kati ya vyumba vya juu huiwezesha damu kuyakwepa mapafu, ambayo bado hayajaanza kupumua.