TAHADHARI: Anauza bodi mama ya B250 ndani ya boksi la B360

Wadau, nimepigwa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Huyu jamaa anauza mtandaoni vipuri vya kompyuta vilivyotumika, kwa seti: prosesa, bodi mama na RAM pamoja. Nilikuwa natafuta prosesa ya Intel, Core i5-8400 (ya kizazi cha 8), na bodi yake. Akasema ipo, imekaa na bodi ya B360 (hilo ni jina la chipuseti, ile chipu ya bodi inayohusika na prosesa zipi zitakubali), ameipima mwenyewe. Sasa kabla hamjanicheka, sikieni anavyoongea. Hakunikimbiza nilipe, nilipe. Aliniuliza nitaifanyia kazi gani, pawa saplai yangu ni ya wati ngapi, kesi yangu (kasha la kompyuta) inapokea bodi ya ukubwa gani. Nilipomwambia nafikiria kupanda hadi 8600K, prosesa ya juu zaidi, akanikataza kabisa: "Mkuu, hiyo K utailipia bure. Bodi za B haziruhusu kuovakloku, hiyo mpaka upate Z370." (Kuovakloku ni kuikimbiza prosesa kupita kasi yake ya kawaida.) Na ni kweli, nilihakikisha. Niambieni, tapeli gani anakuzuia usitoe hela zaidi? Hapo ndipo nilipolegea. Nikamwona mwenzetu. Kumbe anajua, tena anajua sana, ndiyo maana wizi wake umenyooka.

Akatuma na video. Skrini imewaka, iko kwenye BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta), i5-8400 inasomeka vizuri. Kisha picha inakatika, inarudi ikionyesha bodi na feni inazunguka. Nikalipa.

Mzigo ukafika ndani ya boksi la B360, kona moja imechanika na kuzibwa kwa selotepu, lakini bodi yenyewe safi, hata vumbi hakuna. Juu ya bodi, chini kidogo ya soketi, kuna stika nyeupe: DHAMANA, UKIBANDUA IMEKUFA. Nikajiambia huyu mtu yuko makini, mpaka stika zake anazo. Nikafungua soketi nikaweka prosesa. Ile mikato miwili ya pembeni ya prosesa ikakaa sawasawa, mkono wa chuma ukalala bila kulazimishwa. RAM ikalia "ta" pande zote mbili. Mdogo wangu kasimama nyuma yangu na simu anarekodi, eti tuweke kumbukumbu. Nikabonyeza.

Feni zikazunguka. Zikakata. Zikazunguka tena, zikakata. Skrini nyeusi tii. Na i5-8400 ina grafiki zake za ndani, kwa hiyo msiniambie habari za kadi ya grafiki. Nikatoa RAM nikahamisha nafasi, nikachomoa betri ya BIOS nikairudisha, nikaazima pawa saplai ya mtu. Nyeusi. Mdogo wangu akaacha kurekodi bila kuambiwa, na ile video mpaka leo hajaifuta, nimeshamwomba.

Nikampigia muuzaji. Sauti ya upole ajabu: "Pole mkuu wangu, hiyo ni BIOS ya zamani tu. Nirudishie bodi niiflashi, niiwekee BIOS mpya, utachangia kidogo ya huduma." Nikamrudishia bodi ndani ya boksi lake, na hela ya huduma juu. Ikarudi imefungwa kwenye gazeti. Boksi? "Lililowa, mkuu." Nikaifunga tena: feni, kimya, feni, kimya. Nilipomwambia, upole ukaisha. Akasema nimepinda pini za soketi mwenyewe, sijui kuunga kompyuta, nisimpotezee muda. Kisha akanizuia kila mahali.

Dhamana gani tena hapo? Nikaibandua ile stika kwa ukucha, polepole, gundi inavutika. Chini yake, kwa herufi nyeupe zilizochapwa kwenye bodi: B250.

Kwa wasiofuatilia: soketi ya B250 na ya B360 zote zinaitwa LGA1151, zote zinapokea DDR4, na prosesa inaingia kotekote. Lakini B250 ilitoka mwanzoni mwa 2017 kwa ajili ya kizazi cha 6 na cha 7. Kizazi cha 8 cha kompyuta za mezani kilipokuja mwishoni mwa mwaka huohuo, Intel walikuwa wamebadilisha kazi ya baadhi ya pini, na kikataka chipuseti za mfululizo wa 300: Z370, kisha B360, H310 na wenzao. BIOS rasmi ya B250 haiitambui 8400, hata uiflashi mpaka asubuhi. Kwa hiyo "huduma" niliyolipia haikuwepo. Na mtu anayejua tofauti ya B na Z370 hawezi kuniambia hakujua hili. Stika haikudondoka yenyewe juu ya namba ileile.

Huyu anatakiwa alale ndani. Sisemi afungiwe akaunti, akaunti atafungua nyingine kesho. Nasema ashikwe, mabodi yake yote yamwagwe mezani, stika zibanduliwe moja moja mbele yake, na kila aliyemlipia "huduma ya BIOS" arudishiwe hela yake hadharani. Ushahidi ninao wote, meseji, sauti, risiti za malipo, na naupeleka polisi.

Jina silitaji kwa sababu analibadilisha. Mwangalieni kwa mambo haya: video inayokatika kati ya skrini na bodi (mwambie apige moja, isiyokatika, mpaka namba iliyochapwa kwenye bodi ionekane), stika iliyokaa katikati ya bodi, na neno "1151" analorudia kila ukimuuliza chipuseti. Akikupa jibu la soketi wakati umeuliza chipuseti, kata simu.

Halafu jana mdogo wangu kanionyesha tangazo jipya. Jina jingine, picha mpya, seti ileile. Boksi la B360, kona imechanika, selotepu yangu nilipoongezea bado ipo. Kama ni wewe unayeongea naye sasa hivi, usilipe. Niandikie nikutumie picha ya kilichokuwa chini ya stika.