Chupi za hedhi: pima nyonga kwanza, kisha uliza zinabeba mililita ngapi

Ukitoka nyumbani alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza, kwenye dagaa, ukarudi jioni, chupi ya hedhi (ile yenye tabaka la kunyonya damu, inayofuliwa na kuvaliwa tena) inaweza kukuokoa siku nzima. Inaweza pia kukuaibisha, ukiinunua kwa kuangalia rangi.

Hedhi nzima kwa wengi ni kama mililita 30 hadi 80, na nyingi hutoka siku mbili za mwanzo. Kijiko cha chai ni mililita 5. Chupi ya mililita 10 basi ni vijiko viwili tu: hiyo ni ya siku ya mwisho, usipande nayo meli ya Nansio, kule Ukerewe.

Ya kwanza kwangu ni Modibodi ya Australia, kwa sababu huandika uwezo wa kunyonya kwa mililita. Unajua unacholipia. Angalia tu namba zake: 12 ya Australia ni 12 ya Uingereza, lakini Marekani ni 8. Hapo ndipo watu wanapoagiza nguo isiyopita mapajani.

WUKA ya Uingereza naiweka ya pili. Wana aina inayovutika sana, inamfaa binti anayekua au mama aliyetoka kujifungua.

Thinx ya Marekani ni ya tatu. Uwezo wake huulinganisha na tamponi, zile pamba za kuingiza ukeni, na wengi wetu hatuzitumii (ya kawaida hunyonya gramu 6 hadi 9). Tena kuna ile kesi ya madai kwamba chupi zake zina PFAS, kemikali za kuzuia maji na madoa ambazo haziozi kirahisi, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2023. Kampuni haikukiri kosa, ila mimi bado nasita.

Zisizo na jina, za sokoni Makoroboi, ni za mwisho, ingawa ndizo wengi tunazozimudu. Zipo nzuri kweli. Nunua moja kwanza, uijaribu nyumbani: itandaze juu ya sahani, mimina vijiko vitatu vya chai vya maji polepole, subiri dakika moja, kandamiza tishu juu, kisha geuza uangalie chini. Moja niliyonunua kama “ya usiku” maji yalisimama juu yake kama umande, yakakimbilia kwenye mshono, sahani ikalowa. Nyingine ilimeza yote, na tishu ikatoka na unyevu kidogo tu.

Za mitumba usiguse. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani zilizotumika.

Kuhusu saizi, sahau M na L. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha sehemu pana ya makalio, linganisha sentimita na jedwali la muuzaji. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua ndogo, mradi isikubane hadi ikuachie alama: lastiki ikilegea pajani itavujisha hata chupi iwe nene namna gani. Ya kulalia, hakikisha tabaka la kunyonya linapanda nyuma hadi karibu na kiuno.

Suuza kwa maji baridi, usitie kilainisha nguo, anika juani. Msimu wa mvua zile nene huchelewa mno kukauka, kwa hiyo nunua tatu, si moja.