Tathmini ya huduma ya kusoma picha za zamani kwa familia zenye biashara ya vipodozi

Huduma ninayoitathmini hapa inalengwa kwa familia zinazotengeneza na kuuza vipodozi na ambazo zingependa kujua mwanzo wa biashara yao. Mteja hukabidhi picha za zamani za ukoo, nazo huskaniwa, hukadiriwa umri, hulinganishwa na nyaraka zilizopo, kisha familia hupewa ripoti inayoeleza ni nani aliyeanzisha biashara, lini, na kwa vifaa gani. Kwa maoni yangu, sehemu ya kazi hii inayofanywa na mtu mwenye lenzi ya kukuzia mkononi inastahili malipo yake yote, na ile inayofanywa na programu ya kupendezesha picha ni afadhali isifanywe kabisa. Kampuni tuliyoitumia siitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Biashara yetu ni ya mafuta ya nywele, krimu ya uso na poda, na lebo zetu zimebeba kwa miaka mingi mwaka wa kuanzishwa ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Kilichokuwapo ni masimulizi tu, kwamba bibi alibuni mafuta ya kwanza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Masimulizi ya aina hii yamejaa katika historia ya vipodozi. Helena Rubinstein, aliyetoka Kraków na kufungua duka lake la kwanza Melbourne, aliwaeleza wateja kwamba krimu yake ilitokana na mitishamba ya milima ya Carpathia, ingawa Australia alikokuwa akiishi ilijaa kondoo na mafuta ya sufu yao, ambayo ni malighafi nzuri ya krimu. Elizabeth Arden hata jina lake la biashara lilikuwa la kubuni, kwani alizaliwa Kanada akiitwa Florence Nightingale Graham. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, alisema fomula yake ilimjia ndotoni, na ni kweli pia kwamba kabla ya kuanza kuuza bidhaa zake alikuwa wakala wa Annie Malone, mwanamke mwingine aliyekwisha kujenga biashara ya mafuta ya nywele. Siyataji haya kwa nia ya kuwavunjia heshima, kwani walifanya kazi kubwa katika mazingira magumu. Nayataja kwa sababu familia yoyote ya fani hii inapaswa kutarajia kwamba hadithi iliyorithi imepakwa poda kidogo, na mtoa huduma anayeogopa kusema hivyo hana msaada.

Kuhusu kuskani sina mengi ya kusema. Kazi ilifanywa kwa nukta 600 kwa inchi, na kwa picha ndogo, nukta zaidi ya hapo, na mafaili yakahifadhiwa katika muundo wa TIFF usiopoteza taarifa. La kusifu ni kwamba kila picha iliskaniwa pande zote mbili, hata pale ambapo mgongo ulionekana kuwa mtupu. Anayetafuta huduma ya namna hii aulize jambo hilo kwanza, maana mtoa huduma asiyejali mgongo wa picha hatajali mengine.

Ukadiriaji wa umri ndio ulionifanya niiheshimu kazi hii. Msomaji wa picha haanzi na sura za watu. Huanza na kitu chenyewe alichokishika. Picha ikivutwa na sumaku, basi imepigwa juu ya bati la chuma, aina iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1850. Picha iliyobandikwa kwenye kadi nene ya takriban sentimita 6 kwa 10 ni ya mtindo ambao André Disdéri aliupatia hataza Paris mwaka 1854, na kadi kubwa zaidi za aina hiyo zilienea kuanzia miaka ya 1860. Karatasi yenye utando wa plastiki, ambayo hailoani kwa urahisi, ilienea katika miaka ya 1970, hivyo picha ya mama mkubwa akiwa msichana ikiwa juu ya karatasi hiyo, basi ni nakala iliyosafishwa baadaye, na ya awali huenda ingalipo mahali fulani.

Picha muhimu kuliko zote katika albamu yetu ilikuwa ya aina ya kadi ya posta, yaani picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ambayo mgongo wake umechapwa mistari ya anwani na kisanduku cha stempu. Kuzunguka kisanduku hicho kuna neno AZO, jina la karatasi ya picha, na katika pembe zake nne kuna pembetatu ndogo: mbili zinaelekea juu na mbili zinaelekea chini. Wakusanyaji wa kadi za posta wanaufahamu vizuri mpangilio huo, nao huuweka kati ya mwaka 1918 na 1930, tofauti na ule wa pembetatu zote nne kuelekea juu ambao ulitumika kuanzia 1904 hadi 1918. Mwaka uliokuwa kwenye lebo yetu ulitangulia 1918. Ripoti haikutuambia kwamba mwaka wetu ni uongo. Ilisema kwa uangalifu kwamba picha haiwezi kuwa ya kabla ya karatasi yake, kwamba karatasi ingeweza kukaa kwenye droo ya mpiga picha miaka kadhaa kabla ya kutumiwa, na kwamba kwa hiyo 1918 ni mpaka thabiti ilhali 1930 ni mpaka unaoweza kusogea. Uangalifu huo ni wa mtu anayeijua kazi yake. Ningeshangaa na kutilia shaka kama tungepewa mwaka mmoja kamili.

Upande wa mbele wa picha hiyo, bibi amesimama nyuma ya meza iliyopangwa makopo. Sisi tulikuwa tukimtazama yeye, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuyatazama makopo. Yalipokuzwa, ilionekana kwamba yale ya safu ya mbele yana lebo zilizochapwa kiwandani, zenye mapambo ya pembeni yanayofanana kopo kwa kopo, na kwamba ya safu ya nyuma ni makopo ya umbo lile lile yaliyobanduliwa lebo, huku mifuniko yake ikiwa na maandishi ya mkono. Pembeni kabisa kuna mizani ndogo na kijiko chenye mpini mrefu. Kwa hiyo bibi alikuwa akiuza bidhaa za mtu mwingine, na alikuwa akiyajaza upya makopo matupu kwa mafuta yake mwenyewe, yote mawili kwa wakati mmoja na juu ya meza moja. Baadhi ya ndugu walilipokea hili kwa uchungu. Mimi naliona kuwa la heshima kubwa kuliko hadithi ya awali, kwa sababu linaonyesha mwanamke aliyejifunza soko kwa bidhaa za wengine kabla ya kuingiza zake, njia ile ile aliyoipitia Walker kwa Malone.

Baada ya kusifu, sasa nifike kwenye programu. Kampuni ilitupatia, bila sisi kuomba, toleo la picha hiyo lililonolewa na kutiwa rangi kwa akili mnemba, na toleo hilo ndilo lililochapwa kwenye jalada la ripoti. Kwenye lebo za makopo, mahali ambapo picha ya awali ina alama za ukungu zisizosomeka, programu ilijaza herufi. Si herufi za lugha yoyote, lakini kwa mbali zinaonekana kama maandishi, na mjomba mmoja alikwisha kuanza kuzisoma. Midomo ya bibi ilitiwa rangi ya waridi na makopo yakawa ya buluu.

Kwa familia ya vipodozi kosa hili la rangi ni zito kuliko kwa familia nyingine yoyote, na sababu yake imo katika kemia ya picha zenyewe. Emulsheni za mwanzo, yaani tabaka la kemikali linalonasa mwanga kwenye bati au filamu, ziliona mwanga wa buluu pekee. Mwaka 1873 Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa humo huziwezesha kuona na kijani, lakini nyekundu iliendelea kutoonekana kwa filamu nyingi hadi zile zenye kuona rangi zote zilipoenea katika miaka ya 1920. Matokeo yake ni kwamba katika picha nyingi za wakati huo kitu chekundu hutoka cheusi na kitu cha buluu hutoka cheupe. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu huonekana kama iliyopakwa masizi, na kopo jekundu hufanana na kopo jeusi. Waigizaji wa sinema waliifahamu adha hiyo vizuri. Max Factor, aliyezaliwa Poland na kuhamia Marekani mwaka 1904, alitengeneza vipodozi maalumu kwa ajili ya filamu, na mwaka 1928, sinema ilipokuwa inahamia kwenye filamu zinazoona rangi zote, ilimbidi atoe vipodozi vipya vya kuendana nazo. Programu ya kutia rangi haijui picha ilipigwa kwa emulsheni gani, na hata ingejua isingeweza kurudisha rangi ambayo haikuwahi kurekodiwa. Hukisia tu kutokana na picha nyingine ilizolishwa. Mtu akichukua rangi hizo za kukisiwa akazifanya rangi za kopo la kumbukumbu, kama idara yetu ya mauzo ilivyopendekeza kwa furaha, atakuwa anawauzia wateja urithi uliobuniwa na mashine.

Huduma ya kulinganisha sura nayo niliikataa, ingawa imo katika kifurushi. Programu hupima umbali kati ya macho, pua na kidevu, kisha hupendekeza nani ni ndugu wa nani. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba biashara za vipodozi hazirithiwi kwa damu pekee. Binti yake Walker, A'Lelia, alimchukua rasmi msichana aitwaye Mae kuwa mwanawe mwaka 1912, na nywele ndefu za msichana huyo zilitumika kuwaonyesha wateja ubora wa bidhaa. Programu ingemweka Mae nje ya ukoo, ilhali alikuwa katikati ya biashara. Katika albamu zetu wamo wafanyakazi waliolelewa humo humo nyumbani, na wengine wao walijua vipimo vya krimu kuliko wajukuu wa damu.

Kilichonipendeza zaidi, baada ya usomaji wa makopo, ni mahojiano na wazee. Nilitarajia swali la kuchosha la huyu ni nani na yule ni nani. Mhojaji, kijana mwenye adabu, alimwonyesha shangazi kopo lililokuzwa akamuuliza, "Samahani mama, mfuniko huu mlikuwa mnaufunguaje?" Shangazi akajibu bila kufikiri, "Kwa sarafu, mwanangu. Unapachika ukingoni unainua. Yale ya kuzungusha yalikuja baadaye, na bibi yenu hakuyapenda, alisema mafuta yanaganda kwenye mizunguko." Kutoka hapo alieleza jinsi nta ilivyoyeyushwa juu ya maji ya moto, nani aliyeshika kijiko, na nani aliyekatazwa kukaribia kwa sababu ya uzembe. Ndugu walikuwa wameomba mara nyingi kusimuliwa mwanzo wa biashara na hawakuwahi kupata hata robo ya hayo. Jina la mtu aliyeketi kushoto kabisa, ambalo sote tulidhani limepotea, lilitoka katikati ya maelezo ya nta.

Katika kurudisha picha, kampuni iliteleza. Picha zilirejeshwa ndani ya mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, dalili ya PVC, plastiki ambayo hutoa asidi inavyozeeka na kuharibu picha taratibu. Mifuko inayofaa ni ya poliesta au polipropilini, au bahasha za karatasi isiyo na asidi, na kipo kipimo cha kimataifa, ISO 18916, cha kuangalia kama kifaa cha kuhifadhia kinadhuru picha. Tulilalamika, ikabadilishwa. Majina mapya tuliyoyapata tuliyaandika sisi wenyewe kwa penseli laini, mgongoni, pembezoni, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya.

Jambo la mwisho ambalo ripoti ililigusa kwa mstari mmoja tu lingehitaji ukurasa mzima, nalo ni haki. Kumiliki karatasi ya picha si kumiliki hakimiliki yake. Mara nyingi haki huanzia kwa mpiga picha au studio. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 25 tangu picha kupigwa, na nchi nyingi zimeweka muda mrefu zaidi, mara nyingi unaohesabiwa kuanzia kifo cha mpiga picha. Kadi yetu ya posta ni ya zamani kiasi cha kutotutia hofu kubwa, lakini picha za duka za miaka ya 1970, ambazo idara ya mauzo inazitamani kwa ajili ya vifungashio, zina muhuri wa studio mgongoni, na hizo hazitatumika hadi warithi wa studio watafutwe na waulizwe. Tena mkataba wa huduma yenyewe ulikuwa na kifungu kinachoiruhusu kampuni kutumia picha za wateja kuboresha programu zake. Tuliomba kifutwe kabla ya kutia saini, nacho kilifutwa bila ubishi, jambo linaloonyesha kwamba anayeuliza husikilizwa. Anayetaka kukitafuta katika mkataba wake akiangalie karibu na mwisho, katika sehemu inayohusu utunzaji wa mafaili.