Goldie, "Saturnz Return": Shangani tumegawanyika

Natengeneza spika na redio hapa Shangani, Mtwara, na albamu hii ya Mwingereza Goldie, ya mwaka 1998, imeleta ubishi kibarazani kwangu. Ni diski mbili za dramu na besi (drum and bass), muziki wa ngoma za kasi na besi nzito. Ya kwanza imemezwa na "Mother", wimbo wa saa nzima. Saa nzima, jamani! Vinanda vinajikokota, ngoma zinachelewa mno kuingia. Wavuvi waliokuwa wakichaji simu wakasema, "Fundi, zima, umeweka msiba." Mwenzangu wa meza ya pili alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, na hadi leo anaidai.

Mimi naona nusu saa ingetosha. Ila diski ya pili! "Digital", alimoshirikishwa rapa KRS-One wa Marekani, besi yake ilitikisa mabati ya banda, na vijana wa singeli, waliozoea kasi kuliko hiyo, wakaomba niongeze sauti. "Temper Temper" yenye gitaa la Noel Gallagher wa bendi ya Oasis kwangu ni kelele tupu. Nairuka, wao wanairudisha. Kwa spika ya simu usijisumbue, besi yote inapotea. Tafuta spika ya inchi 12 na jirani mwenye subira.