Vidonge vya DHEA: uzoefu wangu baada ya kuvitumia hapa Dodoma

Kichupa kimeandikwa kapsuli 60, kila moja miligramu 50, kimetengenezwa Marekani. Nilikinunua kwa wakala wa virutubisho, shilingi elfu tisini, akaniletea mpaka kazini. Nimetumia zaidi ya nusu yake, nimeacha, na sitanunua kingine. Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu waliovuka hamsini, kwa sababu siku hizi ukikaa saluni Area C au kwenye kikao cha kikoba hukosi mtu anayevisifia, na wengi wanavimeza kama vile wanameza vitamini.

DHEA ni homoni kamili, ya jamii ya steroidi. Jina lake refu ni dehidroepiandrosteroni. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na kolesteroli, sehemu kubwa kwenye tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo, na kiasi kingine kwenye ovari au korodani. Ikiwa imeungana na salfeti, ndiyo steroidi inayopatikana kwa wingi kuliko zote kwenye damu ya binadamu. Ikiwa peke yake nguvu yake ni ndogo. Umuhimu wake ni kwamba ngozi, mafuta ya mwili na viungo vingine huichukua na kuigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume, au estrojeni, homoni ya kike. Ni kama unga wa uwele uliopo jikoni: utakuwa uji au ugali kutegemea nani kaushika. Wewe unayemeza huna sauti katika hilo.

Kiwango chake hufikia kilele ukiwa kwenye miaka ya ishirini, kisha hushuka taratibu. Mtu akifika miaka 70 hadi 80 huwa amebaki na kama asilimia 10 hadi 20 tu ya alichokuwa nacho. Hapo ndipo wauzaji wanaposhika. Wakala wangu aliniambia, "Mama, homoni zimeshuka tu hizo, ukizirudisha na ujana unarudi." Mimi nilikuwa na uchovu usioisha, joto la ghafla usiku, usingizi wa mang'amung'amu. Maneno hayo yaliniingia.

Wiki za mwanzo kilichobadilika ni ngozi. Anayeijua Dodoma ya Julai anajua ule upepo mkavu na vumbi, midomo inapasuka, visigino vinachanika hata ulale umepaka mafuta. Mwaka huu uso wangu ulikuwa laini, unang'aa. Wifi yangu aliniuliza napaka nini. Kwa kweli nilifurahi, na nalisema hili wazi kwa sababu ni jambo jema pekee nililoliona.

Halafu mafuta yakazidi. Zikaanza chunusi kidevuni na pembeni mwa taya, zile kubwa za ndani, zinazouma ukilalia upande huo. Asubuhi moja nafunga mtandio, kidole kikapita chini ya kidevu kikakuta kitu kinachoma. Nikasogea kwenye kioo: unywele mweusi, mnene, mgumu, na pembeni yake mingine inachipua. Sijawahi kuwa na nywele hapo maisha yangu yote.

Sababu yake haina maajabu. Tezi za mafuta na vinyweleo vya usoni hufuata amri ya homoni za kiume, na mwanamke akimeza DHEA testosteroni yake hupanda. Daktari wa wanawake niliyemwona alinieleza kwamba chunusi zingetulia nikiacha, na zimetulia. Nywele huwa ngumu kuondoka. Sauti ikishakuwa nzito inaweza isirudi tena ilivyokuwa. Vilevile homoni hii inaweza kushusha ile kolesteroli nzuri inayolinda mishipa, jambo ambalo mama mwenye presha au sukari hapaswi kulichukulia kirahisi.

Swali lake la kwanza lakini halikuhusu chunusi. Aliniuliza, "Mama, kwenye familia yenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" Nikamwambia mama yangu mdogo. Akasema niache siku ileile. Kuna saratani zinazolishwa na estrojeni au testosteroni, kama ile ya matiti, ya mfuko wa uzazi na ya tezi dume, na mtu mwenye saratani hizo au hatari yake hatakiwi kujiongezea malighafi ya homoni hizo kienyeji. Wakala hakuniuliza swali hilo. Aliniuliza kama nalipa taslimu au kwa simu. Hili linaniuma mpaka leo, maana kabla yangu amewauzia wengi na wapo watakaofuata.

Kuhusu uchovu na joto la usiku, sikuona tofauti yoyote. Nilipopimwa damu ilionekana nina upungufu wa damu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na sasa nashinda kazini bila kuinamia meza. Joto la usiku lipo bado, tunaendelea nalo na daktari.

Hata utafiti mkubwa hauungi mkono habari za kurudisha ujana. Watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani waliwafuatilia wazee, wanaume kwa wanawake, kwa miaka miwili, wengine wakipewa DHEA na wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Matokeo yalitoka mwaka 2006: homoni kwenye damu ilipanda kweli, lakini nguvu za mwili, misuli, mafuta, namna insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inavyofanya kazi na hali ya maisha kwa jumla havikubadilika kwa maana yoyote. Mifupa ilipata nafuu ndogo sehemu chache tu.

Nisiionee homoni yenyewe. Ina kazi yake hospitalini. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kuweka ukeni yenye homoni hii, kwa wanawake wanaopata maumivu wakati wa tendo la ndoa baada ya kukoma hedhi. Hiyo inaandikwa na daktari, kwa dozi ndogo, kwa tatizo linalojulikana. Vichupa hivi vya kuuziana mkononi ni habari nyingine. FDA hiyohiyo ilizuia visiuzwe holela mwaka 1985, halafu sheria ya mwaka 1994 ikaviruhusu virudi madukani kwa jina la virutubisho. Kule Kanada homoni hii hadi leo inadhibitiwa kama dawa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "Wamarekani wananunua supamaketi," anasema kweli, lakini haina maana kwamba vimethibitishwa kuwa salama.

Na lile neno kwamba vimetokana na viazi vikuu vya porini, hivyo havina madhara: kiini kinachotolewa kwenye viazi hivyo hugeuzwa kuwa homoni kiwandani kwa kemikali. Mwili wa binadamu hauwezi kufanya mageuzi hayo. Ukila viazi hivyo hupati DHEA, na ukimeza kapsuli unameza homoni ileile, iwe imeanzia kwenye mmea gani.

Vijana wetu wanaokimbia na kucheza mpira nao wasikie. DHEA imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano. Mtoto wa dada yangu yuko kwenye timu ya chuo, na alikuwa ameshaanza kuulizia kichupa changu. Nimekificha.

Kama tayari unavitumia na umeona chunusi, nywele au sauti imebadilika, usisubiri viishe. Nenda kwa daktari, na ubebe kichupa chenyewe ili asome lebo kwa macho yake, pamoja na dawa nyingine zote unazomeza.